Betri Mashuani: Waya Kwanza, Injini Baadaye

Mtu anaponunua mashua iliyokwisha kutumika hukagua mbao zake, misumari yake na kalafati yake. Huishusha majini, akatazama kama inavuja. Ni nadra kumwona akiufuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Hata hivyo, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, betri na nyaya zinazidi kuwa sehemu ya chombo kama zilivyo kasia na nanga. Karabai ya mafuta ya taa, iliyowaangazia wavuvi wa usipa kwa miaka mingi, imekuwa ikiipisha taa ya LED inayowashwa kwa betri. Tena, katika maziwa ya Afrika Mashariki umeanza mjadala wa injini za umeme za kusukuma mashua, zitakazochukua nafasi ya injini za petroli.

Mjadala huo ni wa heri, lakini umeanzia mwishoni. Watu hutazama injini kabla ya kuutazama waya. Makala haya yanashikilia kwamba mwambao wa Nyasa unahitaji kwanza watu wanaoweza kuipima betri, kuchagua waya, kufunga fyuzi na kuichaji betri ipasavyo; na kwamba mahali pa kuwapata watu hao ni darasa la fizikia la shule ya sekondari. Maarifa hayo yakikosekana, injini mpya itakuwa chuma kizito cha kupamba ghala, na betri kuukuu zitakuwa sumu ya ziwa.

Jambo la kale lenye sura mpya

Injini ya umeme majini si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1838 mwanasayansi Moritz Jacobi aliendesha mashua kwa nguvu ya umeme katika Mto Neva, mjini St Petersburg, Urusi. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo ilikuwa ya kwanza kuweza kuchajiwa tena na tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé, alifunga injini ya umeme kwenye usukani wa mashua katika Mto Seine, mjini Paris, kwa namna ambayo iliweza kung'olewa na kurudishwa. Mwaka 1934, katika mji wa Fargo nchini Marekani, O. G. Schmidt alitengeneza injini ndogo ya umeme ya kusogeza mashua za wavuvi polepole na bila kelele.

Yafaa kulitia maanani neno hilo “polepole.” Injini ndogo za aina hiyo zilikusudiwa kuizungusha mashua katika maji matulivu, wala hazikukusudiwa kuvusha shehena katika ziwa kubwa lenye dhoruba. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofikia mita 700 hivi. Katika miezi ya Mei hadi Agosti pepo za kusini-mashariki huinua mawimbi yanayowalazimisha hata wenye injini kubwa kusubiri ufukoni. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, betri inabeba nini hasa?

Hesabu ya betri moja

Chukua betri ya kawaida ya gari, ya volti 12 na ampea-saa 70. Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara, maisha yake hufupika upesi. Basi kiasi kinachofaa kutumika ni ampea-saa 35.

Tuseme mvuvi ana taa nne za LED, kila moja ikitumia wati 10. Jumla ni wati 40. Ukigawanya wati 40 kwa volti 12 unapata mkondo wa ampea 3.3. Kwa saa kumi za usiku, taa hizo zitatumia ampea-saa 33. Betri inatosha, tena inabakiza akiba kidogo. Hapa sayansi na uvuvi vimekutana vizuri.

Sasa betri hiyo hiyo ifungwe kwenye injini ndogo ya umeme inayotumia ampea 50 inapozunguka kwa nguvu zake zote. Ukigawanya 35 kwa 50 unapata saa 0.7, yaani dakika 42. Na hizo ni dakika za kwenye karatasi. Betri ya risasi inapotoa mkondo mkubwa hutoa umeme pungufu ya ule ulioandikwa ubavuni mwake, kwa kuwa asidi haiwahi kupenya ndani ya mabamba. Majini dakika hizo zitapungua.

Ulinganisho na petroli unasaidia. Betri iliyotajwa ina nishati ya kilowati-saa 0.84, na nusu yake ni 0.42. Lita moja ya petroli ina kilowati-saa 9 hivi. Hata injini ya petroli ikipoteza sehemu nne kwa tano za nishati hiyo kwa joto na msuguano, husalia kilowati-saa 1.8, ambayo ni zaidi ya mara nne ya ile nusu ya betri. Injini ya umeme hupoteza nishati kidogo zaidi, lakini haiwezi kutoa kile ambacho betri haikubeba.

Hesabu hii haiihukumu injini ya umeme kuwa haina maana. Inaipangia kazi yake. Ndani ya ghuba, kwa safari fupi za kutega na kutegua nyavu karibu na ufuko, kwa kuvusha watu umbali mdogo siku ya shwari, injini ya umeme inaweza kufaa: haina moshi, haimwagi mafuta majini, na gharama yake ya kila siku ni ndogo kama chaji inatokana na jua. Zipo pia injini kubwa za umeme zenye nguvu ya kutosha kwa mashua za uvuvi, lakini zinadai betri kubwa na ghali kwa kadiri hiyo hiyo. Kosa ni kuitumia betri moja kwa injini na taa pamoja. Injini itakunywa katika nusu saa umeme ambao taa zingetumia usiku kucha, na mashua itabaki gizani mbali na ufuko. Kanuni ya busara ni kwamba betri ya taa iwe peke yake, betri ya injini iwe peke yake, na kasia zisishushwe kamwe kutoka chomboni.

Waya mwembamba ni moto uliofichwa

Wengi hudhani kwamba waya ni waya, mradi umeme unapita. Fizikia inakataa. Kila waya una ukinzani, na ukinzani huo huongezeka kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba. Waya wa shaba wenye ukubwa wa milimita 2.5 za mraba, ambao hutumika sana katika soketi za nyumba, una ukinzani wa omu 0.007 hivi kwa kila mita.

Betri ikikaa katikati ya mashua na injini ikawa tezini, umbali wa mita 4, umeme husafiri mita 8 kwenda na kurudi. Ukinzani wa safari yote ni omu 0.055. Mkondo wa ampea 50 ukipita humo, volti 2.75 hupotea njiani. Injini iliyotegemea volti 12 hupokea zaidi kidogo ya 9 tu, na wati 137 hugeuka kuwa joto ndani ya waya uliolazwa juu ya mbao kavu, pengine kando ya dumu la petroli. Waya huo ukibadilishwa kwa ule wa milimita 25 za mraba, upotevu hushuka mara kumi, ukawa volti 0.28 na wati 14.

Hapa pia ndipo panapoonekana faida ya kuunganisha betri mbili kwa mfuatano ili kupata volti 24. Injini ya volti 24 yenye nguvu ile ile huhitaji nusu ya mkondo, yaani ampea 25. Nusu ya mkondo katika waya ule ule huleta robo ya joto. Mwanafunzi aliyekariri kwamba nguvu inayopotea ni sawa na mraba wa mkondo mara ukinzani anaiona kanuni hiyo ikiokoa chombo kisiungue.

Fyuzi nayo haijapewa heshima yake. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, kiasi cha kuyeyusha waya na kuwasha mbao. Fyuzi huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, pungufu ya shubiri moja kutoka kwenye ncha yake. Ikiwekwa mbali, sehemu yote ya waya iliyo kati yake na betri haina mlinzi. Tena fyuzi huchaguliwa ili kuulinda waya: mkondo unaoikata uwe mdogo kuliko ule ambao waya unaweza kuuhimili. Anayefunga kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua ameondoa mlinzi akaacha mlango wazi.

Kwa mashua iliyonunuliwa kutoka kwa mwingine, kazi ya kwanza ni kuchora. Kila waya ufuatwe tangu mwanzo hadi mwisho na uchorwe kwenye karatasi pamoja na rangi yake, swichi yake na fyuzi yake. Waya usiojulikana kazi yake uondolewe. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe yakatwe na kufungwa upya kwa vibanio madhubuti, juu ya ngama, mahali ambapo maji hayafiki. Maji ya Nyasa ni baridi, si ya chumvi kama ya Bahari ya Hindi, lakini unyevu wa kila siku hutosha kuigeuza shaba kuwa ya kijani na kuongeza ukinzani katika kila kiungo. Betri yenyewe ifungwe kwa mikanda ndani ya sanduku, kwa maana betri inayoteleza katika wimbi huvunja nyaya na kumwaga asidi.

Chaja nayo ina kanuni zake

Betri nyingi hufa kwa kuchajiwa vibaya kabla ya kuchoshwa na kazi. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa kwa saa kadhaa huonyesha volti 12.7 hivi, iliyobakiwa na nusu huonyesha 12.2, na ikishuka chini ya 11.9 imekwisha. Ili kujaa, inahitaji kuchajiwa kwa volti 14.4 hivi, kisha kushushiwa kiasi hicho ikishajaa. Ikichajiwa kwa volti pungufu haijai, na fuwele ngumu za salfeti ya risasi hujengeka juu ya mabamba. Ikizidishiwa, maji yake huchemka na kupotea, na hidrojeni hutoka. Gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo chumba cha kuchajia betri lazima kiwe na madirisha yaliyo wazi, na sigara isiwashwe humo.

Betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano huchajiwa kwa chaja ya volti 24, au kila moja kwa chaja yake ya volti 12 ambayo njia zake za umeme hazigusani na za mwenzake. Zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 12 na ampea-saa hujumlishwa. Katika hali zote mbili betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Kumfunga mzee na kijana katika nira moja hakumsaidii mzee, na humchosha kijana.

Kuna kosa moja ambalo ni rahisi kutenda na gumu kulitambua. Mwenye betri mbili za mfuatano huhitaji taa ya volti 12, akaifunga kwenye betri moja tu. Taa inawaka, naye anaridhika. Lakini kila usiku betri hiyo hutumika zaidi ya mwenzake, na kila mchana chaja huzipa zote mbili kiasi sawa. Moja haijai, nyingine inazidishiwa. Na baada ya muda zote mbili zimeharibika, na fundi analaumiwa.

Nishati ya jua inayo hesabu yake pia. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 hivi jua linapowaka vizuri. Kwa saa tano za jua kali hupatikana ampea-saa 25, nazo hazitoshi kurudisha zile 33 zilizotumiwa na taa nne. Paneli moja basi haitoshi kwa mvuvi anayetoka kila usiku, hasa katika miezi ya mvua. Kati ya paneli na betri lazima kiwepo kidhibiti chaji, kwa sababu paneli ya “volti 12” hufanya kazi kwa volti 18 hivi.

Mfano wa kujifunzia uko karibu. Mwaka 2008, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kilifunguliwa huko Mbita kituo ambacho wavuvi waliweza kukodi taa na betri zilizochajiwa kwa nguvu ya jua, wakazirudisha baada ya kuzitumia. Jambo la maana katika mpango wa namna hiyo ni kwamba uchajiaji unawekwa mikononi mwa wachache waliofundishwa, na betri inarudi mahali inapopimwa. Gridi ya taifa nayo ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, ikaufungulia mkoa wa Ruvuma nafasi ya kuachana na jenereta za dizeli. Umeme wa kuchajia unazidi kusogea. Ujuzi wa kuchaji usibaki nyuma.

Risasi na maji ya Nyasa

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi na michanganyiko yake. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto, na sayansi haijapata kiwango chake kisicho na madhara. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi hata mahakama ikaamuru, Julai 2020, walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia haiwarudishii watoto afya waliyoipoteza.

Ziwa Nyasa lina aina za samaki zaidi ya 500, na wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Shire. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kufukizwa na jua, na risasi haifukizwi pamoja nayo. Kinachotupwa humo hukaa humo. Asidi ya betri isimwagwe ufukoni, betri isivunjwe ili kuchukua risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu, na mabamba yake yasiachwe uani wanapocheza watoto. Betri iliyokufa irudishwe nzima kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Kila betri inayodumu miaka minne badala ya mmoja ni betri tatu ambazo hazikuhitaji kutupwa. Kwa sababu hiyo ufundi wa waya ni hifadhi ya mazingira pia.

Wapo wanaosema kwamba betri za lithiamu zitaondoa tabu hii. Ni kweli kwamba ni nyepesi, na kwamba sehemu kubwa zaidi ya umeme wake inaweza kutumika bila kuidhuru. Lakini bei yake ni kubwa, inahitaji chaja inayolingana nayo, na shoti yake ni ya hatari. Asiyejua kuitunza betri ya risasi hatapata nusura kwa kununua betri ya lithiamu.

Darasa na mwalo

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya mafundi na vyuo kama VETA Songea, na kwamba shule ina mtihani wa kushughulikia. Hoja hiyo ina upungufu. Vijana wengi wa mwambao hawatafika chuo cha ufundi, lakini watafika mwaloni. Tena yote yaliyotajwa hapa, yaani ukinzani, mkondo, mfuatano na sambamba, nishati na kemia ya betri, yamo tayari katika masomo ya sekondari. Hakuna somo jipya linalodaiwa. Kinachodaiwa ni mfano mpya wa somo la zamani. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isijitenge na maisha ya jamii inayoizunguka, na betri ya mashua ni mlango ulio wazi wa kuitimiza.

Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina shule zinazolitazama ziwa. Hizo zianze, na zile za Mbinga milimani, ambako betri nyingi huuzwa na kuchajiwa, zifuate. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita, haidromita ya kupimia uzito wa asidi, miwani na glavu za kujikinga, ndoo ya maji safi, na betri moja iliyochoka. Wanafunzi waipime kabla na baada ya kuchajiwa, waandike matokeo kwa majuma kadhaa, wachore grafu. Kisha, wakiwa na mwalimu wao na kwa ridhaa ya mwenye chombo, wachore nyaya za mashua moja, wakokotoe upotevu wa volti, wampe mwenyewe mchoro huo bila malipo.

Mwanafunzi atakayemwonyesha babu yake mvuvi kwamba waya wake unakula robo ya umeme aliolipia atakuwa ameifaulu fizikia kuliko yule aliyejibu maswali yote ya ukinzani bila kuwahi kuugusa waya. Injini za umeme zitafika Mbamba Bay kwa wakati wake. Zitakapofika, ziwakute watu wanaojua kuzifunga, kuzilisha na kuzikataa zisipofaa.